Kisukari chako ni cha kundi gani? Jinsi kompyuta inavyowapanga wagonjwa

Na DAKTARI WETU

WIKI hii naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwenye kliniki yangu fundi mmoja wa magari, umri wake miaka 41. Alilalamika kiu isiyokwisha, na kwamba usiku alikuwa akiamka mara nne au tano kwenda haja ndogo. Nilimpima sukari papo hapo nikapata 19, kwa kipimo tunachotumia hapa Kenya cha milimoli kwa lita. Bila kusita niliandika kwenye kadi yake: kisukari, aina ya pili. Nikampa tembe, nikamkabidhi na karatasi ya mawaidha tuliyokuwa tukiwapa wagonjwa wote wa aina hiyo. Mstari wa kwanza wa karatasi ile ulisema: punguza uzani.

Alirudi baada ya wiki sita, safari hii akiwa na mkewe. Alikuwa amepungua kilo 5. "Daktari, nimefuata kila kitu ulichosema," akaniambia, na kweli alikuwa amefuata. Soda aliacha, chapati aliacha, kazini alikuwa akienda kwa miguu. Sukari ilikuwa 22. Mkewe alinitazama, kisha akaniuliza kwa upole: "Daktari, huyu apunguze nini tena?"

Nadhani hapo ndipo nilipomtazama mgonjwa wangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwembamba hata siku ile aliyokuja mara ya kwanza. Mwili wake haukuwa na insulini ya kutosha, na tembe nilizompa hazingeweza kuziba pengo hilo. Tulimwanzishia sindano za insulini, na baada ya miezi mitatu kilo zake zilikuwa zimerudi na sukari imetulia. Leo bado anatengeneza magari. Lakini zile wiki sita zingeweza kumgharimu maisha.

Kosa langu lilikuwa nini? Kichwani mwangu nilikuwa na makundi mawili tu. Watoto na vijana wembamba: aina ya kwanza. Watu wazima: aina ya pili. Mgonjwa akiingia mlangoni, nilimtupa katika mojawapo ya vikapu hivyo viwili na kuendelea na anayefuata. Fundi yule hakutoshea kikapu chochote.

Basi, ikiwa vikapu viwili havitoshi, vinatakiwa vingapi? Na ni nani wa kuamua? Siku hizi kazi hiyo imeanza kupewa kompyuta. Huenda umesikia kwamba "kompyuta imegundua aina tano za kisukari". Leo ningependa tutazame pamoja kompyuta hufanya nini hasa inapowapanga wagonjwa katika makundi, ili siku moja ukiambiwa wewe ni wa kundi fulani, ujue la kuuliza.

KUJIFUNZA BILA MWALIMU

Chukua debe la maharagwe yaliyochanganyika, uyamwage mezani mbele ya mtoto wa miaka sita. Mwambie ayatenge. Hajui kwamba haya ni wairimu na yale ni rosecoco. Hata hivyo baada ya muda atakuwa na mafungu yake: madogo mekundu huku, makubwa yenye madoa kule. Ametazama ukubwa, rangi na madoa, akaweka pamoja yanayofanana. Hakuna aliyemfundisha majina.

Hivyo ndivyo kompyuta hufanya katika kile ambacho wataalamu hukiita kujifunza bila mwalimu. Kuna namna nyingine ya kujifunza, ile ya kuwa na mwalimu: unaionyesha kompyuta maelfu ya picha za kifua, kila moja ikiwa imeandikwa "huyu ana kifua kikuu" au "huyu hana", mpaka ijue kutofautisha. Lakini katika kupanga makundi hakuna majibu yaliyoandikwa. Kuna vipimo tu, na kanuni ya hatua kwa hatua ya kuweka pamoja walio karibu. Kanuni ya namna hiyo huitwa algoriti.

Tofauti moja na yule mtoto uishike tangu sasa, kwa sababu tutairudia. Mtoto anaweza kukuambia, "Hili silijui ni la wapi," akaliacha pembeni. Algoriti nyingi haziwezi.

MFANO WA WAGONJWA SITA

Usiogope, hesabu zake ni za shule ya msingi. Tuseme tuna wagonjwa sita, na tunajua jambo moja tu kuwahusu: umri waliokuwa nao walipogunduliwa kuwa na kisukari. Umri wao ni miaka 30, 34, 38, 58, 62 na 66. Tunaiambia kompyuta itupe makundi mawili.

Kwanza inachagua wagonjwa wawili wowote kuwa vitovu vya makundi. Tuseme kwa bahati mbaya imechagua wa miaka 30 na wa miaka 34, ambao ni majirani. Sasa kila mgonjwa anaenda kwa kitovu kilicho karibu naye zaidi. Wa miaka 30 anabaki peke yake. Wengine wote watano wanamfuata wa 34.

Hatua ya pili: kompyuta inatafuta wastani wa kila kundi, na wastani huo ndio unakuwa kitovu kipya. Kundi la kwanza linabaki na 30. Kundi la pili, ukijumlisha 34, 38, 58, 62 na 66 unapata 258. Gawanya kwa tano, ni 51.6.

Hatua ya tatu: kila mgonjwa anapima upya. Yule wa 34 sasa yuko miaka 4 kutoka kwa 30, lakini miaka 17.6 kutoka kwa 51.6. Anahama. Wa 38 naye anahama. Makundi sasa ni 30, 34 na 38 upande mmoja, na 58, 62 na 66 upande wa pili. Wastani mpya ni 34 na 62. Ukipima tena, hakuna anayehama. Kazi imekwisha.

Msomaji, umeshajifunza algoriti inayotumika sana duniani kupanga makundi. Huitwa njia ya wastani K, ambapo K ni idadi ya makundi unayoyataka. Stuart Lloyd aliitunga mwaka 1957 katika maabara za Bell nchini Marekani, akishughulikia mawimbi ya mawasiliano wala si wagonjwa. Maandishi yake yalichapishwa rasmi mwaka 1982. Jina lake ilipewa na James MacQueen mwaka 1967.

Wagonjwa halisi wana vipimo vingi kuliko umri. Hilo halibadilishi kanuni. Kompyuta hupima umbali kwa kutumia umri, uzani, sukari na vingine kwa pamoja, kama vile wewe unavyoweza kusema nyumba fulani iko mbali kwa kuhesabu mtaa na ghorofa.

KWA NINI KASI NI MUHIMU

Huenda ukauliza: kwa nini tusimlinganishe kila mgonjwa na kila mwenzake, tuone nani anafanana na nani? Njia za namna hiyo zipo, na kwa watu wachache ni nzuri sana. Taabu ni kwamba hesabu yake hukua haraka kupita kiasi.

Kama wagonjwa ni 6, jozi za kulinganisha ni 15. Kama ni 8,980, na idadi hii nimeichagua kwa sababu utaiona tena hapa chini, jozi ni 40,315,710. Wakiwa milioni moja, jozi zinakaribia bilioni 500. Idadi ya wagonjwa ikiongezeka mara kumi, kazi huongezeka mara mia.

Kwa njia ya wastani K, kila mgonjwa hulinganishwa na vitovu tu. Wagonjwa 8,980 na vitovu 4 ni vipimo 35,920 kwa mzunguko mmoja. Hata mizunguko ikiwa 20, ni 718,400. Wagonjwa wakiongezeka mara kumi, kila mzunguko unaongezeka mara kumi, basi. Kazi kama hiyo huhitaji kompyuta ya kawaida ya ofisini na muda wa kunywa chai.

Wataalamu wametafuta njia nyingine za kurahisisha kazi. Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Tian Zhang, Raghu Ramakrishnan na Miron Livny, walileta algoriti iitwayo BIRCH. Wazo lake muuguzi yeyote wa kliniki atalitambua. Mwisho wa siku muuguzi haripoti kila kadi. Anaandika kwenye daftari idadi ya waliokuja na jumla zao. BIRCH nayo hupitia rekodi, ikawakusanya wanaofanana sana katika vifungu vidogo, na kwa kila kifungu ikahifadhi muhtasari tu: wako wangapi, jumla ya vipimo vyao, na jumla ya vipimo hivyo vikizidishwa kwa vyenyewe. Kutokana na namba hizo unaweza kupata wastani na jinsi walivyotawanyika, bila kurudi kwenye kadi zote.

Tatizo la pa kuanzia nalo lilipata dawa. Katika mfano wetu kompyuta ilianza vibaya ikajirekebisha. Si kila mara inakuwa hivyo. Makundi yakiwa mengi, ikianza na vitovu viwili ndani ya kundi moja inaweza kukwama hapo, igawanye kundi lisilostahili kugawanywa na kuunganisha yasiyostahili kuunganishwa. Mwaka 2007 David Arthur na Sergei Vassilvitskii walipendekeza hivi: kitovu cha kwanza kichaguliwe kwa bahati nasibu, lakini kila kinachofuata kipewe nafasi kubwa zaidi kadiri kilivyo mbali na vilivyokwisha chaguliwa, umbali huo ukizidishwa kwa wenyewe.

Irudie ile mifano sita uone. Kitovu cha kwanza kikiwa wa miaka 30, kwa bahati nasibu ya kawaida nafasi ya kumpata wa pili kutoka upande wa wazee ni 60 kwa 100. Kwa kanuni ya Arthur na Vassilvitskii nafasi hiyo ni takriban 97 kwa 100. Marekebisho madogo, faida kubwa.

WALICHOKIPATA USWIDI

Sasa turudi kwa kisukari. Kusini mwa Uswidi kuna mkoa uitwao Skåne. Kuanzia mwaka 2008 watafiti wa huko walianza kuwaandikisha watu wote wanaogunduliwa upya kuwa na kisukari. Mwaka 2018 Emma Ahlqvist, Leif Groop na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lund walichapisha matokeo kutoka kwa watu wazima 8,980.

Walitumia mambo sita: umri wa kugunduliwa, uzani ukilinganishwa na kimo, kipimo cha HbA1c kinachoonyesha sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita, makadirio ya uwezo wa kongosho kutoa insulini, makadirio ya jinsi mwili unavyoikaidi insulini hiyo, na kama damu ina kingamwili zinazoshambulia kongosho. Waliokuwa na kingamwili hizo waliwekwa peke yao. Waliobaki walipangwa na kompyuta kwa njia ya wastani K, vitovu vinne. Wanaume na wanawake walipangwa mbalimbali, na makundi yaleyale yakajitokeza pande zote mbili.

Kundi la kwanza, kama watu 6 kwa kila 100, ni wale wenye kingamwili. Hawa wanakaribiana na tunaowaita aina ya kwanza.

Kundi la pili, kama 18 kwa 100, hawana kingamwili, lakini kongosho zao hazitoi insulini ya kutosha. Aghalabu si wazee na si wanene, na sukari yao iko juu sana.

Kundi la tatu, kama 15 kwa 100, wana insulini tele lakini miili yao inaikaidi vikali.

Kundi la nne, kama 22 kwa 100, ni wanene, lakini ukaidi wa miili yao si mkubwa hivyo.

Kundi la tano, kama 39 kwa 100, ni watu wa makamo na wazee ambao ugonjwa wao ni wa taratibu.

Umemwona fundi wangu? Siwezi kumpa kundi kwa uhakika, kwani sikuwa na vipimo vyote sita. Lakini alikuwa mtu mzima asiye mnene, na alipopimwa kingamwili baadaye hakupatikana nazo. Sura yake ni ya kundi la pili. Zamani ningemfungia kwenye kikapu kimoja na bibi wa miaka 70 wa kundi la tano, na kweli nilifanya hivyo.

Jambo lililowashtua madaktari wengi lilikuwa hili. Watafiti walipowafuatilia wagonjwa hao, waliona watu wa kundi la tatu walikuwa katika hatari kubwa ya kuharibika figo kuliko wa kundi la nne na la tano, ingawa sukari yao haikuwa mbaya zaidi. Wa kundi la pili nao walipata matatizo ya macho kuliko wengine. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kusifiwa kliniki kwa sukari nzuri, kumbe figo zake zinahitaji kuchungwa kuliko za jirani yake mwenye sukari ya juu.

MITEGO YA KUJIHADHARI NAYO

Hapa ndipo ninapokuomba utulie, msomaji. Habari kama hizi zikifika magazetini huandikwa kana kwamba kompyuta imefunua ukweli uliokuwa umefichwa. Mambo si rahisi hivyo. Kuna mitego.

Mtego wa kwanza ni kipimo. Mgonjwa wangu mmoja aliletewa mashine ya kupimia sukari na bintiye anayeishi Marekani. Alinipigia simu usiku akitetemeka: "Daktari, sukari ni 126!" Nilimtuliza. Kule hupima kwa miligramu kwa desilita. Ukigawanya kwa 18 unapata 7 tu kwa kipimo chetu. Kompyuta haina mtu wa kuipigia simu. Ukiipa umri na sukari kwa kipimo chetu, wagonjwa wawili wanaweza kutofautiana kwa miaka 40 na kwa sukari 10. Ukibadili sukari iwe kwa kipimo cha Marekani, tofauti ileile ya 10 inakuwa 180, na umri unamezwa. Wagonjwa ni walewale, damu ni ileile, lakini makundi yanaweza kubadilika. Ndiyo sababu wale wa Uswidi kwanza waliweka vipimo vyote kwenye mizani moja. Mtafiti asiyefanya hivyo hupata makundi ya mashine, si ya wagonjwa.

Mtego wa pili ni idadi ya makundi. Wagonjwa wetu sita walikuwa wazi kabisa: vijana watatu, wazee watatu. Lakini ukiiambia kompyuta itafute makundi matatu, haitakukatalia. Itamtenga wa miaka 58 na kuwaacha wa 62 na 66 pamoja, au itavunja upande wa vijana, na itakupa jibu lake bila haya. Omba manne, utapewa manne. Zipo njia za kupima kama idadi inafaa, kwa mfano kutazama kama kila mtu yuko karibu na wenzake kuliko alivyo karibu na kundi jirani, au kurudia kazi mara nyingi kwa sampuli tofauti ili kuona kama makundi yanabaki yalivyo. Mtafiti mwaminifu huzitumia. Hata hivyo uamuzi wa mwisho ni wa binadamu.

Mtego wa tatu ni ule wa harage lisilojulikana. Njia ya wastani K humlazimisha kila mgonjwa kuwa na kundi, hata yule aliye katikati kabisa. Siyo algoriti zote zilizo hivyo. Mwaka 1996 Martin Ester na wenzake nchini Ujerumani walitunga nyingine iitwayo DBSCAN, ambayo hutafuta mahali penye msongamano na kuwaacha wapweke wabaki wapweke. Hiyo hufaa kwa mambo ya ramani. John Snow alipoweka alama kwenye ramani ya London kwa kila kifo cha kipindupindu mwaka 1854, alama zilisongamana kuzunguka bomba la maji la mtaa wa Broad. Jicho lake lilifanya kazi ya kutafuta msongamano, na vifo vichache vilivyokuwa mbali vilihitaji kuulizwa kimoja kimoja. Kwenye kliniki pia, mgonjwa asiyefanana na yeyote ndiye anayestahili kuulizwa zaidi.

Mtego wa nne, na kwa maoni yangu mkubwa, ni kusahau kwamba kundi halina kuta. Umri, uzani na sukari haviruki kutoka kundi hadi kundi. Vinapanda pole pole kama mlima. Mwaka 2019 John Dennis na wenzake wa Exeter, Uingereza, walitumia rekodi za majaribio mawili ya dawa kuwapima watu kwa makundi hayo. Makundi yalijitokeza tena. Lakini walipotaka kutabiri nani figo zitaharibika au dawa gani itamfaa nani, waliona kwamba kutumia vipimo vya kawaida vya mgonjwa moja kwa moja, kama umri wake, jinsia yake na hali ya figo zake, kulifanya kazi sawa na makundi au kulishinda. Mwaka huohuo utafiti wa Ujerumani ulionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wamehama makundi yao baada ya miaka 5.

KUNDI LA WENZETU, SI LAZIMA LIWE LETU

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta hupanga watu iliowaona tu. Ikiwaona watu wa Skåne, itatoa vitovu vya Skåne.

Huko India, mwaka 2020, watafiti wa kisukari walipanga wagonjwa 19,084 wa aina ya pili. Walipata makundi manne, na mawili kati yao hayakufanana na ya Uswidi. Moja lilikuwa la watu wenye matatizo mawili kwa pamoja: insulini haba na mwili unaoikaidi hata hiyo kidogo iliyopo.

Karibu nasi, nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwaangalia watu wazima wenye kisukari kisichotokana na kingamwili, na ukaonyesha kwamba wenye uzani mdogo walikuwa na upungufu wa insulini kuliko wenzao wanene. Hao ni ndugu wa fundi wangu. Karatasi yetu ya "punguza uzani" haikuandikwa kwa ajili yao.

Kuna na jambo la damu yetu. Kipimo cha HbA1c kinaweza kupotosha kwa mtu mwenye upungufu wa damu au selimundu, matatizo ambayo kwetu Afrika Mashariki si haba. Algoriti haijui hayo. Itaichukua namba kama ilivyo na kumpeleka mtu kwenye kundi lisilo lake, kwa kasi ile ile ya kusifika.

Je, nasema kompyuta haina maana? La hasha. Bila kazi kama ya Skåne, huenda mimi hadi leo ningekuwa na vikapu viwili tu. Makundi yamenifundisha kuuliza maswali niliyokuwa siulizi: je, huyu insulini yake inatosha? Je, figo zake zimepimwa? Ninachosema ni kwamba kundi ni swali zuri la kuanzia, si jibu la kumalizia.

UFANYE NINI WEWE MWENYE KISUKARI

Kwanza, usijipange mwenyewe, na usiache dawa au sindano kwa sababu umesoma makala haya.

Pili, kama uligunduliwa ukiwa mwembamba, au unapungua uzani bila kujaribu huku unameza tembe vizuri na sukari haishuki, mwambie daktari wako wazi: "Je, insulini yangu inatosha?" Kuna vipimo vya kingamwili na cha kuonyesha kama kongosho bado linafanya kazi. Si kila maabara inavyo, na bei yake si ndogo, hivyo daktari ataamua kama kwako vinahitajika.

Tatu, hata sukari yako ikiwa nzuri, angalau mara moja kwa mwaka upimwe mkojo kuona kama una protini, upimwe damu kwa ajili ya figo, utazamwe macho na miguu. Usisubiri kuambiwa.

Nne, weka daftari lako. Andika tarehe, sukari, uzani na presha, pamoja na kipimo kilichotumika. Namba za mwaka mzima zinamsaidia daktari kukujua kuliko jina la kundi lolote.

Tano, ukiwa na kisukari na ukaanza kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kasi au kusinzia ovyo, usingoje asubuhi. Nenda hospitali mara moja.

Na mtu akikuambia kwamba kompyuta imekuweka katika kundi fulani, muulize maswali matatu. Ilitumia vipimo gani? Ni nani aliyechagua idadi ya makundi? Na wale watu iliojifunzia walikuwa wa wapi? Daktari mzuri hatakasirika. Mimi mwenyewe niliulizwa swali moja tu na mke wa fundi, nalo likatosha kunizindua.